Nimetumwa kufunga programu itakayomwondoa mchumba wangu kazini

Admin, ukiiposti naomba ufiche jina langu, Bukoba ni ndogo na tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Hamugembe, fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja ya kununua kahawa. Mchumba wangu anafanya kazi hiyohiyo tawi la Muleba. Yeye ndiye aliyenishtua kuwa kuna nafasi, nikaomba nikapata. Nyumbani Tata, baba yangu, ameshampokea, harusi ni baada ya Pasaka. Kazini tumeficha.

Juzijuzi bosi aliniita. Kila tawi lina seva yake ya Linux, ile kompyuta kuu ya tawi, na mtu wa kuiangalia. Sasa imepatikana programu ya kuziunganisha seva zote zisimamiwe kutoka Bukoba, na mimi ndiye nizifungie. Nilifurahi sana. Nafika mlangoni nitoke, akasema, "Ikishakaa sawa, yule fundi wa Muleba hatutamhitaji. Usimwambie, nitaongea naye mwenyewe."

Tangu hapo sijatulia. Seva za Bukoba na matawi mengine nilizifungia kwa shida, naandika amri, nafuta, naandika tena. Nikikwama, ni mchumba wangu nampigia. Ananielekeza kwa upole mpaka inakubali, halafu namwambia asante mpenzi. Nikikata simu najichukia.

Jana nikaenda Muleba kufunga ya mwisho. Ikagoma kabisa kuungana na seva nyingine. Nimehangaika asubuhi nzima, nakagua mtandao, nafuta programu, naiweka upya. Yeye kakaa pembeni kimya, na huyo mtu si wa kunyamaza. Nikamgeukia.

"Umeizuia wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini sasa?"

"Waitu jamani, unadhani sielewi? Zote zikisimamiwa Bukoba, mimi hapa nitabaki naangalia nini? Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Nililia jamani. Nikamweleza yote aliyosema bosi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye mashine, akaondoa kile kizuizi mbele ya macho yangu, akaniachia kiti.

"Imebaki kubonyeza tu. Kama ni lazima, bonyeza wewe. Usimwachie mtu mwingine."

Akatoka nje. Sikuweza. Nikampigia bosi nikamdanganya kuwa mtandao unasumbua. Akanijibu kwa mkato, "Kesho imalize, la sivyo namleta fundi kutoka Mwanza."

Nimelala kwa shangazi hapa Muleba, ila usingizi sijauona. Nimempigia mchumba wangu, hapokei. Nikikataa kazi hii, mwingine ataifanya na mimi nitafukuzwa, tutaanza ndoa wote hatuna kitu. Nikiifanya, nitamwangaliaje usoni kila asubuhi?

Naandika hapa nimesimama nje ya ofisi ya Muleba. Yeye kawahi kuliko mimi. Namwona dirishani, kaniwashia mashine, anapangusa kiti changu. Nishaurini ndugu zangu, nikiingia humo nifanye nini?