Kumvusha Komlavi

Siku ukoo ulipoamua kwamba Dzigbodi ndiye atakayekwenda Cotonou, Benin, kumleta kaka yake, watu wa kijiji cha Havekope waliangua kicheko msibani, mchana kweupe. Hata mama aliyekuja kusaidia kulia alikatiza kilio, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaendelea kulia pale pale alipoachia.

Hawakucheka kwa ubaya. Katika ukoo ule, mtu akifia mbali na ikashindikana kuurudisha mwili, hukatwa nywele na kucha, zikafungwa kwenye kitambaa cheupe, na ndugu wa tumbo moja akazileta nyumbani zizikwe. Anayezileta haongei na mtu aliye hai njia nzima. Anaongea na marehemu tu: hapa pana mto, kaka, tunavuka, hapa pana njia panda, tunashika kulia. Akimjibu mtu mwingine, hata kwa neno moja, marehemu anajua safari imekwisha. Anashuka hapo hapo.

Na Dzigbodi alikuwa mdomo mtupu. Aliuza samaki wa moshi, na tangu usichana wake alikuwa akivuka mpaka wa Aflao, kutoka Ghana kwenda Lomé ya Togo na kurudi, bila pasipoti, kwa maneno tu. Dzigbodi alimtania afisa huyu, akamlilia yule, na wa tatu akamsaidia kumtukana mama mkwe wake. Serikali mbili zilikuwa zimehangaika naye miaka yote hiyo, na hakuna iliyompata na kosa zaidi ya kelele.

"Dzigbodi anyamaze kutoka Cotonou mpaka hapa?" alisema baba mdogo Gbedema, mkuu wa ukoo, mtu mfupi aliyependa kusikilizwa akiwa amesimama juu ya kitu. "Huyu alianza kubishana na mkunga kabla hajamaliza kutoka!"

"Basi nitafutie mwingine wa tumbo la mama yangu," Dzigbodi akamjibu. "Kama yupo, ulimficha wapi miaka yote hii?"

Hakuwepo. Walikuwa wawili, na sasa alibaki mmoja. Kicheko kikaisha.

Komlavi, kaka yake, alikuwa fundi mwashi huko Cotonou. Miaka yake ya mwisho alijiunga na kanisa la watu wa kanzu nyeupe, nao walimzika upesi, kwa nyimbo na kengele, kabla hata Havekope haijapata habari. Wangemzika bila kumkata hata ukucha kama si mkewe, Senami.

"Waliponiona na mkasi wakasema ni ushenzi," Senami alimsimulia wifi yake, Dzigbodi, alipofika Cotonou na walipokwisha kulia pamoja. "Nikawaambia, wapendwa, nampunguza kucha aende mbinguni msafi. Wakasema amina."

Akampa kile kitambaa, kidogo kama andazi. Kisha akamvuta hadi uani, palipoegemezwa mobileti ya marehemu, kijipikipiki chenye pedali, namba ya Benin nyuma, kinacholia kama mbu aliyefungiwa kwenye mkebe.

"Nenda nayo. Garini hatakaa, unamjua."

Dzigbodi alimjua. Tangu utotoni Komlavi alikuwa akitapika kila apandapo gari, na kila Krismasi alikuja nyumbani kwa mobileti hiyo hiyo, akivuka nchi tatu na makalio yamekufa ganzi.

"Wifi, mtu akishafariki anatapika bado?"

"Hajarudi kuniambia. Wewe utajaribu kumpandisha teksi?"

Dzigbodi hakutaka kujaribu. Alifunga kitambaa mgongoni kwa kanga, kama mtu anavyombeba mtoto, akakanyaga pedali mpaka injini ikashika, na kutoka geti lile hakumwambia mtu aliye hai neno.

Kwenye mto Mono alipunguza mwendo. "Kaka, maji haya. Tunavuka." Upepo ulikuwa mkali darajani, akarudia kwa sauti ya juu. Dereva wa lori akadhani anasemeshwa, akamjibu kwa ufasaha mambo yasiyoandikika. Dzigbodi alikuwa na jibu la kumtosha yeye na babu yake. Akalimeza likiwa la moto.

Kwenye mpaka wa Togo alimkuta afisa kijana, mpya kazini, aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa. Kijana alitazama namba ya Benin, akatazama kadi ya kura ya Ghana, akatazama karatasi ya pikipiki yenye jina la mwanamume, akafurahi kama mtu aliyeletewa chakula.

"Pikipiki ya nani hii, mama? Mbona hujibu? Wewe bubu?"

Dzigbodi akageuza uso begani. "Komlavi, kuna mtoto hapa anauliza pikipiki ni ya nani. Mwambie ni yako."

Kijana akachungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. "Unaongea na nani?"

Wachuuzi waliokuwa kwenye foleni, wanawake wa pande zile zile, walikuwa wameshaelewa. "Afisa, mwache apite!" mmoja akapaza sauti. "Yuko na mtu wake!"

"Mtu gani? Yuko wapi?"

"Huyo huyo unayemkanyaga miguu!"

Kijana aliruka nyuma mpaka kofia ikaanguka. Askari mtu mzima, mwenyeji wa Vogan, mji wa pande hizo, akatoka kibandani kuona kuna nini. Alipoona kitambaa cheupe alivua bereti yake, akafungua njia kwa mkono, wala hakufungua kinywa. Foleni nzima ikanyamaza hadi mlio wa mobileti ulipopotea.

Lomé ilikuwa ngumu kuliko mpaka. Wanawake wa sokoni walimwita kwa jina kutoka kila upande. "Dzigbodi! Leo umemeza mfupa?" "Mwacheni, amepata pikipiki ya kigeni, ametusahau!" Maneno hayo yalimuuma, naye akakaza macho mbele na kuendelea: "Kaka, hili ni soko. Wanaopiga kelele ni rafiki zangu. Tunapita."

Hivyo alipofika Aflao alikuwa ameshavuka yote aliyoyaogopa, isipokuwa kizuizi cha mwisho. Hicho ndicho alichojiandalia. Mobileti ya kigeni ilidaiwa kibali, na kibali kilidai maelezo, na maelezo ndiyo asiyoweza kuyatoa. Wakitaka kuikamata, alikwisha amua, angewaachia, atembee kwa miguu hadi Havekope. Nyumbani palikuwa karibu. Upepo ukikaa vizuri ngoma zao zinasikika.

Aliyetoka kibandani alikuwa Sulemana, mtu wa kaskazini, wa Yendi, afisa wa siku nyingi. Hakuuliza kibali. Aliitazama mobileti, kwa sababu aliijua: kila Krismasi yeye na mwenyewe walisimama pale kwenye kizuizi wakibishana mpira hadi malori yanapiga honi. Kisha akaona kitambaa. Akaweka mkono juu ya usukani.

"Komlavi?" alisema taratibu. "Komlavi wetu? Pole sana, dada yangu."

"Asante," akasema Dzigbodi.

Lilimtoka kabla hajalijua. Amelelewa hivyo, na mama yake alikuwa akimfinya sikio asipoitika pole. Matusi ameyazuia, kejeli amezizuia, na hili likapita kama mtu wa nyumbani anavyopita mlangoni bila kubisha. Akazima injini. Akapapasa kitambaa mgongoni.

"Nimefanya nini?" Sulemana akauliza.

"Hujafanya kitu. Umenipa pole." Akamweleza mila yao, kwa sentensi fupi fupi, yeye asiyejua sentensi fupi. "Ameshuka. Ameshuka hapa, kwenye malori."

Sulemana alitazama kushoto na kulia. "Dada, hakuna aliyesikia. Mimi simwambii mtu. Panda uende."

Dzigbodi alifikiria. Hatasema uongo kwamba hakufikiria. Angefika, watu wangelia, kitambaa kingezikwa, naye angesifiwa maisha yake yote kwamba siku moja alinyamaza. Na Komlavi angebaki kwenye moshi wa malori, akimsubiri dada yake kila apitapo na samaki.

"Yeye amesikia," alisema, akatoa simu.

Sauti ya Gbedema ilitoka kwenye simu hata ng'ambo ya mpaka wakaisikia. "Nilisema! Sikusema mimi?" Dzigbodi alimwacha aseme. "Njooni, baba mdogo. Nimemwangusha hapa Aflao."

Wakati wa kusubiri alikataa kuisogeza mobileti, maana pale lilipo gurudumu ndipo alipo kaka yake. Mkuu wa kituo akaja na tumbo lake mbele. "Pikipiki ya kigeni haikai chini ya kizuizi! Iingie Ghana au irudi Togo!"

"Mkubwa," Sulemana akasema, "mwenyewe kashuka."

"Basi mwambieni apande!"

"Ndiyo tunawasubiri wa kumwambia."

Watu wa ukoo walifika kwa lori la kukodi, wamevaa nguo za msiba, nyekundu na nyeusi. Gbedema alishuka akiwa bado anagomba, chupa ya pombe kali mkononi, akamfuata Dzigbodi mpaka kwenye kizuizi.

"Ni hapa hasa?"

"Hapa."

Gbedema akavua ndala. Akashusha nguo begani, kama anavyosimama mtu mbele ya aliyemzidi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakutafuta kitu cha kusimama juu yake. Alimwaga pombe kidogo chini, karibu na gurudumu. Dereva wa lori la mbele akazima injini bila kuambiwa, na wa nyuma yake pia, na wa nyuma yake.

"Komlavi," Gbedema akaita. "Ni sisi. Dada yako hakukutupa. Alipewa pole akaitika. Ndivyo tulivyomlea, lawama ni yetu. Hapa si kwenu. Panda twende."

Aliita tena, na tena. Hakuna kilichotikisika. Kama Komlavi alikubali, hakuwapa dalili. Mzee aliweka kiganja juu ya kitambaa kilicho mgongoni mwa Dzigbodi, akakiacha hapo kitambo. "Nenda," alimwambia. "Tuko nyuma. Hakuna atakayekusemesha."

Sulemana alinyanyua kizuizi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa ameziba mdomo wake.

Dzigbodi akakanyaga pedali. "Kaka, hii ni Ghana sasa. Kuna mashimo mbele, shikilia." Akamweleza duka la rangi lililofungwa, akamweleza kanisa jipya, akamweleza mji wa Denu ulivyojaa watu leo. Aliongea njia nzima bila kujua kama mgongoni pana mtu, na hakugeuka kutazama. Lori lilimfuata polepole, limejaa watu wazima na watoto, na ndani yake hakuna aliyekohoa.