Injini Ilikuwa Mdomoni

Hii nitakayowasimulia hamtaiamini, na wala siwalaumu. Hata mimi nisingeiamini kama ningeisikia kwa mtu mwingine, maana duniani waongo ni wengi. Inamhusu fundi wetu wa mafriji, mtu ambaye akitega sikio ubavuni mwa friji anajua mpaka kama mwenye nyumba kalala na hasira. Naiandika humuhumu kwenye karakana yake, nimekalia kreti la soda, naye kapiga magoti nyuma ya friji la bucha, bisibisi kaibana kwa meno. Kila nikimaliza kipande namsomea kwa sauti, maana miwani yake ina kioo kimoja na chenyewe kina ufa.

"Hilo la hasira lifute, Mjomba," kaniambia. Silifuti.

Basi Fundi ana kaka yake, ambaye maisha yake yote aliendesha malori ya safari ndefu. Watu humwita Dereva, na msidhani jina hilo alilipata kwenye lori. Alilipata akiwa bado anaogeshwa kwenye beseni huku analia sabuni imemwingia machoni.

Enzi hizo mtoto hanunuliwi gari. Mtoto anaunda gari. Siku hizi mnawaletea vitu vya plastiki vinavyowaka taa na kulia vyenyewe, betri ikiisha vinakuwa maiti, vinasukumwa uvunguni. Sisi tulizunguka na koleo tukitafuta waya wa uzio, na wenye uzio wakizunguka wakitutafuta sisi. Magurudumu tulikata kwenye ndala, kwa hiyo mama wa watu anaamka asubuhi, anatumbukiza mguu, anakuta ndala yake ina matundu mawili ya mviringo kama macho ya bundi. Kipigo kilikuwa sehemu ya gharama za uundaji. Lori la ndugu hawa wawili lilikuwa na bodi la kopo la maziwa, bampa, taa za vifuniko vya chupa, na usukani kwenye waya mrefu ili uliendeshe umesimama. La kwangu lilikuwa zuri zaidi, lakini leo siongelei mambo yangu.

Ila gari la waya, hata liundwe na malaika, halina injini. Injini ni mdomo wa dereva. Na mdomo wa Dereva, jamani! Alikuwa na mngurumo wa kuondokea, mngurumo wa tambarare na mngurumo wa mlima wenye mzigo. Akibadilisha gia ungesikia kabisa ile gia inakataa kwanza, halafu inakubali. Akikanyaga breki za upepo, wazee waliokuwa wakicheza bao barazani waliinua miguu.

Fundi, kwa kuwa ndiye mdogo, alikuwa utingo. Kazi yake kukimbia nyuma ya gari, kupiga kelele "lete, lete, kata kulia!", na likikwama mlimani aweke jiwe nyuma ya tairi. Kuendesha hakuendesha hata siku moja. Akiomba zamu, kaka yake alimjibu: "Gari nakupa. Na injini utaitoa wapi?"

Sasa mwaka huu kiharusi kimempiga Dereva. Alikuwa anajinyoa, wembe ukamponyoka, akabaki anaushangaa sakafuni. Upande wa kulia wote umelala, na sauti imekwenda. Si kwamba anaongea vibaya, hapana. Haitoki kabisa. Mtaalamu wa mazoezi aliyemtembelea nyumbani alisema tatizo si la koo. Sauti ipo, imepotea njia. Mleteeni vitu anavyovipenda, vya zamani sana, pengine itatoka yenyewe. Ila msikawie, akasema, maana sauti ikikaa ndani muda mrefu huzoea.

Mkewe alijaribu kila kitu. Alimfunika koti lake la safari lenye harufu ya dizeli. Alimtikisia funguo sikioni. Alimfungulia redio stesheni aliyokuwa akigombana nayo kila asubuhi. Dereva kimya, kiti chake dirishani, mto umemshikilia ubavuni asidondoke.

"Shem, mimi nimeishiwa," alimwambia Fundi. "Nimemwonyesha mpaka picha yetu ya harusi. Unajua kafanya nini? Kapiga miayo."

"Hiyo hata mzima angepiga miayo, shemeji."

Wakacheka. Halafu shemeji akajifuta macho kwa pindo la gauni, na Fundi akaondoka bila kuaga vizuri.

Njiani ndipo lile lori la waya lilipomjia akilini. Alifunga karakana mchana kweupe, mwenye bucha akibaki kugonga mlango na nyama zake zikimsubiri. Akang'oa ule wavu wa waya ulio mgongoni mwa friji bovu, akachukua ndala zake za bafuni, akaanza. Vidole vilikumbuka boneti. Vilikumbuka bodi. Walipofika kwenye usukani, vidole na yeye mwenyewe wakasimama, kwa sababu pale ndipo kaka yake alipokuwa akimgeuzia mgongo ili asiibe ufundi. Ilibidi abahatishe. Bahati nzuri nilipita mimi, nikamwonyesha namna ya kitaalamu ya kukunja bampa.

"Ulilikunja likapinda, nikalirudia," kasema sasa hivi kutoka nyuma ya friji.

Haya, akalirudia. Likatoka lori la kweli, hata mimi nilitamani kulisukuma mpaka kona. Akalibeba chini ya kwapa, hajalifunga kwenye kitu chochote, watu wazima wakimgeukia njia nzima na kutabasamu.

Shemeji akasogeza meza, akakunja zulia. Fundi akaliweka lori sakafuni mbele ya kiti, akamwelekezea kaka yake usukani mkononi. Mkono wa kulia. Ndivyo Dereva alivyoendesha siku zote, gari kulia kwake, na ndivyo Fundi alivyoliunda, bila hata kufikiria. Mkono ukakaa pale juu ya usukani kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba.

"Mjinga mimi," akasema. "Ngoja, Kaka. Ngoja nikugeuzie."

Lakini waya wa friji si waya wa uzio. Wa uzio unaukunja na kuukunjua mpaka uchoke wewe. Huu alipojaribu kuupeleka kushoto ulikatika, tak, usukani ukabaki mkononi mwake. Akavua kamba ya kiatu, akafunga. Ukalegea. Akafunga tena, akauweka kwenye mkono wa kushoto, akavifumbata vidole vya kaka yake kimoja kimoja. Alipoachia, vikafumbuka, japo mkono huo haukuwa na ugonjwa.

Hapo alibaki amechuchumaa, kiatu kimoja wazi. Mtu anayefufua mafriji yaliyokwisha kutupwa, na humo mwilini mwa kaka yake hakukuwa na skrubu ya kukaza.

Mwisho akashika usukani yeye. Mzee mzima, kainama kwa ufupi wa waya uliokatika, kiuno kimekwenda juu, akaanza kulizungusha lori chumbani. Na kwa kuwa gari haliendi kimyakimya, akafungua mdomo apige injini, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Ikatoka: "Mmmmmmmmmm."

"Shem!" Shemeji alijishika mbavu. "Hilo ni friji!"

Ni friji kweli. Akajaribu kukoroma, akajaribu kubana pua, ikatoka friji kubwa zaidi. Shemeji alicheka mpaka akakaa kitandani. Dereva hakucheka, ila macho yake, ambayo kutwa yalikuwa dirishani, yalishuka. Yaliangalia magurudumu. Fundi aliona. Akaliendesha mpaka kwenye zulia lililokunjwa, mahali palipoinuka kama kilima, akalipandisha nusu, akanyamaza. Mlima alimwachia Dereva mwenyewe.

"Kaka, mlima huu," akasema. "Mzigo mzito. Tia gia."

Macho ya Dereva hayakubanduka kwenye magurudumu.

"Kaka, inazima. Tia gia, Kaka."

Shemeji aliacha kucheka. Fundi akalegeza usukani kidogo, makusudi, lori likaanza kuteremka kinyumenyume, taratibu, magurudumu ya ndala yakikwaruza zulia.

"Tunarudi nyuma, Kaka. Kaka, tunarudi nyuma."

Akageuka huku na huku kutafuta jiwe, kama utingo. Ndani ya chumba cha mgonjwa jiwe litoke wapi? Akaweka mguu wake nyuma ya tairi, ule usio na kamba ya kiatu, akakaa hivyo, anamwangalia kaka yake mdomoni.

Na hapo ndipo, wasomaji wangu, lilipotokea lile nililowaambia hamtaliamini. Dereva alimeza mate. Akafungua mdomo, na kutoka kifuani ukapanda mngurumo wa lori lililopakia saruji, vioo vya dirisha vikatetemeka, sufuria zikagongana jikoni, akatia gia ya pili, ikakataa kwanza halafu ikakubali, akatia ya tatu, akaegemeza mkono kwenye kiti, akainuka kwa miguu yake mwenyewe, na majirani wote waliokuwa wamejaa mlangoni waka...

"Mjomba."

Bisibisi kaitoa mdomoni.

"Nimetia chumvi kidogo tu, Fundi, wasomaji wapate..."

"Hakunguruma. Mlangoni hakukuwa na mtu. Alifumba macho, mate yakamtoka, nikamfuta." Karudi nyuma ya friji, simwoni uso. "Na jana nilikwenda nalo tena, ikawa hivyo hivyo. Futa, uishie pale tunaporudi nyuma."