Nilifuta Neno la Shemeji, Ndege Ikaanguka

Mimi ndiye niliyeandika uongo. Shetani hakunishika mkono. Kalamu niliichovya winoni mwenyewe, asubuhi kweupe, na akili zangu timamu.

Bwana Mhariri, usiweke jina langu. Si kwamba naogopa! Mji mzima wa Kamina, hapa Kongo, wananijua, na anayetaka kunitemea mate anajua nyumba yangu ilipo. Ni kwa ajili ya dada yangu tu. Ameaibika vya kutosha.

Nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya ndege za mizigo. Nilisoma kwa misheni ya Wamethodisti, na mwandiko wangu watu waliuita mwandiko wa mashine. Jamani, nilivimba kichwa! Kazi yangu ilikuwa hivi: mafundi wanaandika kwa penseli, kwa Kiswahili chao, kila ubovu waliouona kwenye ndege. Mimi naugeuza kwa Kifaransa, kwa wino, kwenye karatasi safi. Fundi anatia sahihi, kisha Direkta anatia yake. Karatasi ya wino ndiyo iliyohesabika. Ile ya penseli ilitupwa.

Fundi wetu mkubwa alikuwa Kaumba, mume wa dada yangu. Moteri za ndege alikuwa akizisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Kifaransa hakukijua hata cha kuombea maji.

Siku hiyo aliniletea karatasi yake, imejaa alama za vidole vya mafuta. "Moteri ya kushoto inamwanga mafuta. Pompi imechoka. Ndeke isiruke." Pompi mpya, ya kusukuma mafuta, tulikuwa tumeiomba tangu mvua za kwanza. Tulichopata ni maneno.

Nikampelekea Direkta, Mzungu aliyeongoza kampuni. Nilimsomea yote, mpaka neno la mwisho. Akaangalia saa yake.

"Samaki ya ziwa ya Kisale hapana ngoja moteri," akasema. "Weye iko évolué. Évolué hapana andika makelele ya fundi. Andika sawa na ile ya wiki ilipita."

Évolué! Neno hilo ndilo lililoniponza. Nilikuwa nimeomba ile kadi ya serikali ya kuonyesha kwamba mtu mweusi amestaarabika, na barua ya kunisifu ilitakiwa itoke kwa Direkta. Mke wangu alikuwa ameshanunua uma na visu, maana mabwana wa serikali wangekuja nyumbani kuona kama tunakula mezani. Tulikuwa tukijizoeza kula bukari, ugali wetu, kwa uma. Bukari kwa uma! Cheka tu, hata mimi nacheka sasa.

Basi nikaandika kwamba moteri zote mbili ni nzima. Mwandiko ulitoka mzuri ajabu.

Kaumba akaja kutia sahihi, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Shemeki, ile mambo ya pompi umeiandika?"

"Nimeiandika."

"Bon. Weye njo macho yangu."

Akatia sahihi. Alidhani Direkta akisoma, ndege itabaki chini. Akaenda kula.

Ndege iliruka mchana ule ule, na haikufika mbali. Moteri ya kushoto ilikufa, ndege ikaangukia porini ng'ambo ya uwanja. Rubani alikufa. Alikufa pia Mutombo, mpakiaji aliyekaa nyuma na mizigo, ambaye Jumapili tulikuwa tukiimba naye kanisani, benchi moja.

Kaumba akakamatwa. Karatasi ya wino ilikuwa mezani kwa hakimu, na sahihi yake chini. Fundi amesema moteri nzima, moteri imekufa, basi kosa la fundi! Wakamtia boloko, gerezani.

Dada yangu akaja kwangu, hana hata kilemba kichwani. "Anasema aliandika! Weye njo uliona karatasi yake. Sema!"

Nikamwambia tumwachie Mungu. Ee, mimi! Nilimsingizia hata Mungu.

Direkta akaniita, akanipa sigara. "Nyamaza. Kadi inakuya." Na kweli, mabwana wa kadi walikuja nyumbani. Walihesabu vitanda, wakachungulia choo, wakamsifu mke wangu kwa kitambaa cha meza. Tulikula mbele yao kwa uma, na mimi nafikiria Kaumba anakula nini boloko.

Kesho yake nilikwenda kwa hakimu bila kuitwa. Ile karatasi ya penseli nilikuwa sijaitupa. Nilikosa moyo wa kuitupa. Nikaiweka mezani, nikasema, "Fundi aliandika. Mimi nilifuta. Direkta aliniamuru."

Mimi nikafungwa kwa kughushi. Kadi ikafa. Kaumba akatoka. Direkta akapewa likizo ya Ulaya, apumzishe moyo wake. Moyo gani?

Sasa watu wa kampuni wananiambia niombe radhi kwa kumchafulia bwana mkubwa jina. Siombi! Kwa Mutombo na rubani naomba, kwa dada yangu naomba, nitaomba mpaka nife. Kwa yule, hapana. Alijua, na narudia hapa gazetini: alijua! Anayetaka kunifunga tena, njia anaijua.

Nilipotoka boloko nilikwenda kwa Kaumba. Nilipiga magoti uani, dada yangu akageuza uso.

"Shemeki, minyi sikupige," Kaumba akasema. "Lakini utakuya hapa kila siku kufundisha mutoto wangu mwanamuke Kifaransa. Asome yeye mwenyewe. Asikuwe na lazima ya muntu kama weye."

Naenda kila siku. Mtoto ana akili, na hanisalimii.

Enyi makarani wenzangu, mlioaminiwa na wasiojua Kifaransa: bosi akikwambia ufute, kataa. Utafukuzwa, ndiyo! Utakula kwa vidole, ndiyo! Lakini utapita mbele ya nyumba ya Mutombo bila kuvuka barabara kuikwepa, kama ninavyovuka mimi.