Mama Mkubwa na Radi ya Tshangalele

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, aliniagiza nimchoree picha ya kutundika sebuleni kwake. Alitaka mvua kubwa ya ziwa la Tshangalele, na yeye mwenyewe katikati.

Siku hizo nilikuwa nimeazima kitabu cha picha za zamani za Ulaya: milima inayotisha, bahari iliyochafuka, na chini pembeni mtu mdogo kama sisimizi. Nikamweleza kwamba ili mbingu itishe, mtu lazima awe mdogo.

"Miye nikuwe mudogo?" aliuliza, akijitazama kuanzia kifua hadi miguu. Mama mkubwa hujaza kiti cha watu wawili. "Mutoto yangu, weye uko na macho kweli?"

Basi Jumamosi moja ya msimu wa mvua tukaenda ziwani tuone mambo yenyewe. Alivaa kikwembe, kitenge chake chekundu, na viatu vya misa, maana alikuwa anakwenda kuchorwa. Asubuhi yote maji yalitulia, akanicheka: "Mvua yako iko wapi? Ilikosa bus?"

Ilikuja tulipokuwa tunamalizia samaki wa mchana. Kwanza ng'ambo ikapotea, kisha upepo ukamnyang'anya mwavuli na kuutupa majini. Tukakimbilia kibanda cha kukaushia samaki. Radi ikapiga karibu hadi meno yangu yakagongana. Karatasi ya kuchorea niliyoikumbatia ilikuwa imegeuka uji. Nikamtafuta mama mkubwa, nikidhani anasali. Hakuwa anasali. Alisimama mlangoni, maji yakimtiririka usoni, mdomo wazi. Hata mimi niliogopa na kufurahi kwa pamoja, nisijue kipi kilitangulia.

Mvua ilipopungua akasema polepole, "Uniweke mudogo."

"Mudogo namna gani?"

"Mudogo sana. Lakini kikwembe ionekane."

Nikamtii. Kwenye picha yeye ni doa jekundu chini kushoto, halizidi ukucha. Kwingine kote ni mawingu na maji. Jirani yake alipokuja kuitazama, alikasirika kwa niaba yake.

"Huyu alikutukana! Juu ya nini alikufanya mudogo hivi?"

"Weye ulifikaka kule?" mama mkubwa akamjibu, akamvutia kiti, akaanza kumhadithia tangu upepo.

Kila anapohadithia, radi husogea karibu kidogo. Mara ya mwisho nilipomsikia, ilikuwa imeshaingia ndani ya kibanda, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mgongo wake.