Nilisema nashika katana, Mzee Katana akahama nyumba

Wakuu, salamu kwa walio kazini na walio kitandani. Haya yamenipata mimi mwenyewe huku Mjambere, Kisauni, na aliyeumia zaidi anakaa mlango wa pili kutoka kwangu. Nikidanganya nitajulikana leo leo.

Mimi ni mtu wa bara, Kitui, Mombasa nimeletwa na kazi. Niko bandarini Kipevu, naandika namba za kontena zinazotoka. Kazi yenyewe si ngumu. Ngumu ni madereva wa malori, na mdomo wangu. Nikiudhika sisemi neno moja, nasema yote.

Bosi alinionya mara mbili. Ya tatu akaniambia nitafute kitu cha kunituliza. Mwingine angeokoka. Mimi nilikuwa nimeshaokoka na haikusaidia.

Ndipo jamaa wa ofisini akanipeleka Bamburi, kwenye ukumbi mmoja ambako fundi mstaafu wa meli, aliyewahi kukaa Japan, anafundisha iaido. Yaani unachomoa upanga, unakata hewa, unaurudisha alani. Basi. Adui ni wa kufikiria, na hufa kila siku bila kulalamika.

Miezi ya kwanza sikupewa hata kijiti. Nilifunzwa kupiga magoti, kukaa juu ya visigino, kuinama na kupumua. Kupumua, wakuu, nikiwa na miaka thelathini na nne.

Lakini faida niliziona. Foleni ya matatu hainiumizi mgongo tena. Dereva akinitukana napumua mara tatu, na nikifika ya tatu lori limeshaondoka.

Upanga wangu ni wa mbao, na ala yake ya plastiki. Ila huku Kisauni mnajua vijana wa mapanga walivyotutesa, kwa hivyo kila nikienda mazoezi niliufunga kwa leso ya mke wangu. Nilidhani nimeficha. Kumbe majirani wote waliniona nikitoka na kitu kirefu ndani ya leso, na kila mmoja akajazia lake.

Sasa sikieni hapa.

Mwenyekiti wetu wa nyumba kumi anaitwa Mzee Katana. Watu wa Pwani mnajua, hilo ni jina la Wagiriama, karibu kila mtaa una wake. Na upanga wa Kijapani nao unaitwa katana. Mwaka mzima sikuwahi kuyaweka haya mawili pamoja kichwani.

Wiki hiyo mimi na mzee tulikuwa tumekosana. Kuku wake walipanda kamba yangu ya nguo wakachafua mashati ya kazi. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, mimi na wewe tutaonana." Pumzi ya tatu ilikuwa haijafika.

Alhamisi dereva mmoja akanipandisha hasira kweli kweli. Nikaandika kwa group la wenzangu wa mazoezi: "Leo nikitoka job nashika katana. Nakata mara mia, hadi mkono uchoke."

Nikatuma kwa group la ploti.

Group ambalo halinyamazi, maji yamepotea, nani ametupa taka, siku hiyo lilinyamaza kabisa. Mtu mmoja tu aliweka alama ya mikono inayoomba. Mimi simu ilikuwa imeisha chaji, nikaenda Bamburi, nikakata zangu mia, nikarudi nimetulia.

Mlango wa Mzee Katana ulikuwa na kufuli. Mke wangu akaniuliza, "Mutua, umemfanya nini yule mzee? Amekimbilia kwa binti yake Likoni."

Halafu akanipa ujumbe wa mwenye nyumba, Bi Mwanahawa. Kesho baada ya alasiri niende barazani kwake, na funguo za nyumba niende nazo. Kama maelezo hayatamridhisha, atapigia polisi.

Wakuu, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Niliogopa, na sio kidogo.

Kesho yake nikafika na upanga ndani ya leso. Mzee Katana alikuwa amevuka feri asubuhi, amekaa karibu kabisa na geti.

"Shikamoo, Bi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akajibu Bi Mwanahawa. Mzee alijibu kwa kukohoa.

Niliwekewa kiti. Sikukikalia. Nilivua viatu, nikapiga magoti mkekani, mikono juu ya mapaja, nikainama. Wallahi sikukusudia adabu, ni magoti tu, siku hizi yakiogopa yanakunjika yenyewe.

Bi Mwanahawa akamgeukia mzee. "Katana, huyu ndiye muuaji wako?"

"Ameandika mwenyewe. Mara mia. Mimi nilivyo mwembamba hivi, hizo mara mia atakata wapi?"

Mutua wa zamani angecheka, kisha angefoka. Nikapumua mara tatu, nikaeleza polepole kwamba katana ni upanga wa Wajapani.

"Jina hili nimerithi kwa babu yangu," mzee akasema. "Hao Wajapani wamelipata kwa nani?"

Nikaambiwa nionyeshe. Nikachomoa, nikakata hewa, nikarudisha alani.

"Adui yuko wapi?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Hayupo, Bi."

"Na mwaka mzima hujamkata mtu?"

"Hata papai."

"Yaani kinachokuchukua mwaka ni kurudisha. Hawa wanetu wa mitaani wanajua kutoa tu."

Mzee Katana hakucheka. Alisema mwaka jana vijana walimkata jirani yake mlangoni, na kitasa cha mlango wake yeye ni kibovu, kwa hivyo tangu siku ile hulala ameketi, mgongo kwenye mlango. "Nikasoma ujumbe wako, nikasema, haya, wamefika."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimwomba radhi nikiwa bado nimepiga magoti, na mara hii nilikusudia.

Bi Mwanahawa akaamua. Nyumba nibaki nayo, lakini upanga ukae kwa Mzee Katana. Nikiutaka nibishe hodi, nimwamkie, anikabidhi kwa mikono miwili.

Siku ya tatu nikabisha saa kumi na mbili asubuhi. Kimya. Nikabisha tena, kimya. Nikachungulia dirishani. Upanga wangu ulikuwa umepitishwa kwenye vyuma vya mlango, umekuwa komeo.

Alifungua saa mbili kasoro, macho yamevimba. "Mutua, baba, huu mti wa Wajapani ni mgumu. Tangu mwaka jana sijalala nimenyoosha miguu, hadi jana usiku."

Sikuuchukua.

Siku hizi nafanya mazoezi kwa mpini wa fagio, na mke wangu hulitaka fagio lake mapema, kwa hivyo nakata haraka. Mtoto ni wa kike, mzima. Kuku bado wanapanda kamba.

Funzo langu ni dogo. Kabla hujatuma, soma jina la group, halafu soma jina la mwenyekiti. Na mnaouliza humu katana ina faida gani ya kila siku, yangu ni moja: Katana analala.

Wenye visa vya ujumbe uliopotea njia, mwageni hapo chini. Nitasoma mlangoni, namsubiri mzee aamke nimwamkie.