Heringi za Mzee Detlef

Mzee Detlef Harms alizaliwa Emden, kaskazini mwa Ujerumani. Babu yake alikuwa na meli tisa za kuvua heringi, samaki wadogo wa bahari za baridi. Baba yake akabakiwa na nne. Yeye alibaki na moja tu, Wiebke, baada ya samaki kupungua na vibali kubanwa.

Ujanani aliuza mashine za barafu Mombasa, ndiko alikookota Kiswahili chake kisichojali ngeli. Alipofika Guangzhou, China, kutafuta wanunuzi, alikuwa na miaka sitini na sita. Mimi, Muzdalifa wa Unguja, nasafirisha makontena hapa. Nikawa mkalimani wake.

Mwaka jana hoteli moja ilikubali kuonja heringi za chumvi. Wakizipenda, wangechukua mzigo wa mwaka mzima. Wakikataa, mzee angesaini fomu ya serikali ya Ujerumani ya kuacha uvuvi, na Wiebke ingekatwa kuwa vyuma chakavu.

Samaki walishuka bandari ya Nansha wakiwa wamegandishwa. Tulikodi karakana na kuajiri akina mama wanane.

"Waambie watoe matumbo, lakini kongosho waache," alisema mzee. "Hiyo ndiyo inalainisha samaki kwenye chumvi." Kisha akaenda kupima chumvi yake.

Sasa mimi nimelelewa na mama ambaye hakupika samaki mwenye hata uzi wa utumbo. Niliona haya kwa niaba ya mzee. Hoteli ya nyota tano, halafu uchafu tumboni? Wazungu nao wana mambo yao. Nikawaambia wale akina mama kwa Kichina wasafishe kila kitu.

"Mei wenti," wakajibu, hakuna shida. Wakasugua mpaka ndani ya samaki pakang'aa. Nilidhani namstiri mzee wa watu.

Baada ya wiki sita tulifungua pipa mbele ya mpishi mkuu wa hoteli. Alitafuna, akatafuna tena, akaweka vijiti chini. Samaki alikuwa mgumu, ana chumvi tu.

"Bu yao," alisema. Hataki.

Mzee Detlef naye alionja kipande. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu.

"Mkono yangu imesahau kazi, Bi Muzdalifa," alisema. "Chumvi nilikosea mimi. Baba angenichapa."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilingoja aibu inisukume, haikuja. Hofu pia haikuja. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi.

"Pole, mzee," nikasema. "Ndiyo biashara."

Alisaini fomu palepale, akaniomba niipige picha ili aitume. Niliipiga mara mbili, maana ya kwanza haikusomeka. Halafu akawapigia mabaharia wake, mmoja baada ya mwingine, akizungumza nao Kijerumani kwa sauti ya chini. Kila alipokata simu alinigeukia anitafsirie, nisijione nimetengwa.

"Nimemwambia kosa ni yangu," alisema.

Nikaitikia kwa kichwa, nikamwongezea chai.