Milango Yenye Chaki

Kwenye redio yetu ya hapa Kisangani, kazi yangu ni kuchunguza namba kabla hazijasomwa. Wenzangu hunitania kwamba hata siku yangu ya kuzaliwa naitafutia shahidi. Wacheke. Namba isiyo na vyanzo viwili haipiti mkononi mwangu.

Wakati wa kampeni ya chanjo ya surua, kituo kimoja cha afya kilituletea ripoti kwamba mtaa fulani wa ng'ambo ya mto umekamilika, watoto wote wamechanjwa. Nilihitaji chanzo cha pili, na sikwenda mbali. Dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, aliyenilea tangu mama afariki, ndiye aliyekuwa mchanjaji wa mtaa huo. Jumapili hiyo alikuwa ananisuka, kichwa changu kikiwa katikati ya magoti yake.

"Yaya, ile mutaa mulimaliza kweli?"

"Tulimaliza. Mutoto hata mumoja hakubakia. Inamisha kichwa."

Nikainamisha. Jumatatu niliisoma habari ile mwenyewe, tena kwa sauti ya kujivuna, maana kazi ilikuwa ya mtu wa kwetu.

Siku chache baadaye muuza samaki mmoja alinisimamisha sokoni. Alinitambua kwa sauti. Akaushika mkono wa binti yake na kunionyesha kidole chake kidogo, kile ambacho wachanjaji hukipaka wino wakishamchoma mtoto sindano. Kilikuwa safi.

"Redio yenu inasema batoto bote. Huyu wangu iko mutoto wa nani?"

Nilivuka naye kwa mtumbwi siku ile ile, nikiwa nimejiandaa kumtetea dada yangu. Mlangoni pa muuza samaki palikuwa na alama ya chaki, ile wanayoandika nyumba ikishamalizika. Kwa jirani pia ilikuwepo. Nikapita mlango baada ya mlango nikiomba kuonyeshwa vidole. Kabla ya kufika kisima cha mtaa, watoto walikuwa na wino. Baada ya kisima, chaki tu. Akina mama wa upande huo waliniambia jambo moja: mchanjaji alikuja, akaandika, akasema atarudi kesho.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Ripoti ya kituo ilikuwa imetoka kwenye karatasi za dada yangu. Vyanzo vyangu viwili vilikuwa mtu mmoja. Nilikuwa nimemuuliza dada yangu kama dada yangu anasema kweli!

Nilimkuta uani akianika nguo. Hakukana.

"Barafu iliyeyuka ndani ya boksi, alors dawa ilikuwa inaharibika. Chef alikuwa anangojea karatasi. Nilisema nitarudia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho walitupa mutaa ingine."

Hilo ningeweza kulimeza. Jua la saa saba nalijua, na mabosi wanaongojea karatasi nawajua vizuri zaidi.

"Lakini miye, Yaya? Miye ulinidanganya sababu gani?"

"Mutu ingine ya redio angekuja kuangalia. Weye nilijua hautakuja."

Alisema bila ubaya wowote, akiendelea kubana kitenge kwenye kamba. Nilihisi kusalitiwa. Imani yangu yote kwake, ya tangu utotoni, alikuwa ameipima na kuona itatosha kufunika zile nyumba.

Kesho yake nilisoma masahihisho hewani. Timu ilirudi ng'ambo ikiwa na boksi lenye barafu na mchanjaji mwingine, na binti wa muuza samaki akapakwa wino. Dada yangu hakuitwa tena kazini. Anasema mimi ndiye msaliti, na hilo linaniuma, kwa sababu anaamini hivyo kabisa.

Bado tunaishi nyumba moja. Akiniita kwamba chakula kiko tayari, namwambia asante, halafu nakwenda kufunua sufuria.